Kuuliza Si Ujinga: Maneno ya Kamati ya Elimu Siku ya Uhuru

(Hotuba iliyotolewa kwenye sherehe za Uhuru wa Tanzania Bara, San Diego, California)

Sisi wa Kamati ya Elimu tumepewa dakika chache kabla ya pilau, na harufu yake imeshatufikia. Tutajitahidi tusiwacheleweshe.

Mnakumbuka kwamba miaka minne iliyopita tulichanga fedha tukajenga chumba cha maabara katika sekondari moja ya kata huko nyumbani. Picha za uzinduzi tuliziona, tukapiga makofi. Leo tuwaambieni ukweli: chumba kile sasa ni stoo ya madawati mabovu. Maji hayakufika. Madirisha ni madogo, na mwalimu wa Kemia akifanya jaribio, moshi unabaki ndani na wanafunzi. Hakuna aliyekula fedha. Kosa ni letu sisi: tulituma ramani tuliyoipenda, bila kumwuliza mwalimu hata swali moja.

Ndiyo maana mwaka huu tuliwapeleka watoto La Jolla, hapa hapa jirani, kuitazama taasisi ya utafiti ya Salk Institute. Jonas Salk ndiye aliyeongoza kazi ya chanjo ya polio iliyotangazwa mwaka 1955. Jiji la San Diego likatoa ardhi inayotazama bahari, na Salk akamchagua msanifu Louis Kahn. Ujenzi ulianza mwaka 1962, muda mfupi baada ya bendera ya Tanganyika kupandishwa, ukakamilika mwaka 1965.

Watoto, sikilizeni hapa. Kahn alizaliwa Estonia, akaletwa Philadelphia akiwa mdogo, na wazazi wake walikuwa wahamiaji maskini. Mama yake Salk naye alikuwa mhamiaji. Mtu akikuuliza shuleni watu wa kwenu wametoka wapi, usiinamishe kichwa.

Kahn naye alikuwa amekosea kabla yetu. Maabara aliyoisanifu kwanza, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ilisifiwa sana na wasanifu, lakini wanasayansi wake walilalamika: nafasi ilibana, na jua liliwapiga machoni hadi wengine wakabandika foili madirishani. Alijifunza. Salk alipoukataa mchoro wa majengo manne na nyua mbili, Kahn alianza upya, yakawa majengo mawili yanayotazamana, yenye ua mmoja ulio wazi kuelekea bahari.

Tulijifunza nini pale? Kwanza, utafiti hubadilika kuliko kuta. Mwaka huu zinahitajika hadubini, mwaka ujao majokofu. Kwa hiyo kumbi za maabara pale hazina nguzo katikati. Meza na vyumba huhamishwa bila kubomoa. Pili, mabomba, nyaya na njia za hewa zina ghorofa zao wenyewe. Kila jengo lina ghorofa sita: tatu za maabara, na juu ya kila moja ghorofa ya mitambo. Fundi anatembea humo na kutengeneza bila kumsimamisha mtafiti. Tatu, mtu anahitaji mwanga na utulivu. Hata ghorofa zilizo chini ya ardhi hupata mwanga wa jua kupitia nyua ndogo zilizochimbwa pembeni. Vyumba vya kusomea vimetengwa na maabara, vina madirisha ya mbao za mtiki, mti uleule unaopandwa Longuza kule Muheza.

Hatuwezi kujenga Salk kwenye kata yetu, wala hatuhitaji. Lakini kanuni ni zilezile. Tenki la kuvuna maji ya mvua. Madirisha makubwa yanayotazamana ili upepo upite. Mabomba yapite kwenye mfereji wenye mifuniko, yasifukiwe ndani ya zege. Mtungi wa gesi ukae nje. Milango miwili, ifunguke kwa nje. Stoo ya kemikali iwe na hewa yake. Na kabla ya yote hayo, mwalimu, fundi wa maabara na wanafunzi waulizwe.

Tunajua wapo wenzetu wanaotaka mwaka ujao tujenge maabara ya pili, yenye kibao cha jina la jumuiya yetu. Tunaelewa; hata sisi tungependa kukiona. Ila tunawaomba, kwa heshima, mchango wa leo uende kwenye maji na madirisha ya chumba kile cha kwanza. Hakutakuwa na utepe wa kukata wala picha nzuri ya kupiga. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na kule kuna watoto wa Kidato cha Nne wanaosoma majaribio ya Kemia ubaoni tu.

Tumeshampigia simu mwalimu wao. Alituuliza kama tuna nafasi ya kuandika, kwa sababu orodha yake ni ndefu. Tuliandika. Orodha hiyo iko mezani pale mlangoni. Tunawaomba muisome kabla hamjachanga.

Uhuru na Umoja!