Mrija wa Shingoni Usilowe
Pengine unamuuguza mtu ambaye figo zake zimeacha kufanya kazi, na kila wiki unampeleka hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Ule mrija aliowekwa shingoni, ncha yake hufika karibu na moyo. Viini vikipita hapo vimeingia kwenye damu moja kwa moja. Basi akioga asijimwagie maji shingoni. Mpanguse kwa kitambaa. Bandeji ikilowa au ikibanduka, usingoje siku ya mashine, mrudishe. Muuguzi anapofungua mrija sharti awe amenawa mikono, amevaa glavu na barakoa. Akisahau mkumbushe, huo si utovu wa adabu. Na mgonjwa akitetemeka kwa baridi akiwa kwenye mashine, usimfunike blanketi ukanyamaza. Mwite muuguzi papo hapo.