KELELE HAZIKOMI LANGONI

Hotuba ya mwanachama wa zamani katika mkutano wa tawi. Halmashauri imeomba ichapwe ili wasiohudhuria nao waisome.



Nimeombwa niseme juu ya kelele za mitambo ya mafuta na gesi karibu na nyumba za watu. Kabla sijaanza, nawaomba wale watakaoniuliza maswali baadaye wasimame mbele yangu, niione midomo yao. Si kwa kiburi. Masikio yangu yamekwisha, na kazi ndiyo iliyoyamaliza.

Nilifanya kazi miaka ishirini na miwili katika yadi moja ya mafuta huku pwani. Jina lake silitaji, maana sikuja kumshtaki mtu. Palikuwa na pampu nne na jenereta mbili za dizeli. Siku ya kwanza nilitoka kazini masikio yakilia kama nyenje. Fomeni akacheka, akaniambia, "Utazoea." Kweli nilizoea. Lakini leo najua ya kuwa sikio halizoei, linakufa. Ndani yake mna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele kubwa huviharibu, navyo vikifa havioti tena, wala hakuna dawa. Kinachotangulia kupotea ni sauti nyembamba: s, t, f, sh. Basi mtu husikia ya kuwa anasemeshwa, ila hajui anaambiwa nini.

Siku moja amri ilikuja kwa redio ya mkononi: "Fungua valvu namba sita." Mimi nikasikia tisa. Ndugu zangu, ukiondoa s na t, sita na tisa ni neno moja. Nilikwisha kushika gurudumu la namba tisa na kuanza kulizungusha, kijana mmoja akanikamata mkono. Bomba la namba tisa lilikuwa limefunguliwa upande wa pili kwa matengenezo, na watu wawili walikuwa pale wakifanya kazi. Namshukuru Mungu, na kijana yule. Tangu siku ile sikusema tena ya kuwa kelele ni usumbufu tu.

Hayo ni ya ndani ya ua. Sasa tutoke nje.

Nyumba niliyopanga ilikuwa nyuma ya ua wa yadi ile ile, kwa kuwa kodi ilikuwa nafuu na nauli haikuwapo. Nikiwa zamu ya usiku, nalala mchana, injini zinanguruma. Nikiwa zamu ya mchana, nalala usiku, injini zinanguruma. Usiku mmoja mitambo yote ilizimika kwa hitilafu. Mtaa mzima ukaamka. Watu wakatoka nje wakiulizana kuna nini. Hakukuwa na kitu, palikuwa kimya tu. Hapo ndipo nilipojua ya kuwa miaka yote hatukuwa tumelala usingizi wa kweli.

Asubuhi yake mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, wewe umepewa vizibo vya masikio kwa saa nane za kazi. Sisi tunaokaa hapa saa ishirini na nne tumepewa nini?" Sikuwa na jibu. Hotuba hii ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa.

Nataka kwanza tujue jinsi kelele inavyopimwa, maana asiyejua kipimo hudanganywa sokoni. Kelele hupimwa kwa desibeli. Hesabu yake si kama ya kilo. Ikiongezeka desibeli 10, nguvu ya sauti imekuwa mara kumi, na sikio huiona kama imezidi maradufu. Injini mbili zinazolingana haziongezi kelele mara mbili kwenye kipimo, zinaongeza desibeli 3 tu. Kwa hiyo bwana mwenye mtambo akikuambia, "Tumepandisha desibeli tatu tu," ujue ni kana kwamba ameweka injini ya pili.

Na umbali je? Mahali peupe, pasipo ukuta wala kilima, kila umbali ukiwa maradufu kelele hupungua desibeli 6 hivi. Chukua injini inayotoa desibeli 80 mtu akisimama mita 10. Kwenye mita 20 ni 74. Mita 40 ni 68. Mita 80 ni 62. Mita 160 ni 56. Mita 320 bado ni 50. Shikeni hesabu hiyo, nitairudia.

Jambo la tatu ni mngurumo mzito. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta, lakini mngurumo wa injini kubwa hupenya, na mabati na vioo vya madirisha hutetemeka nao. Kipimo cha kawaida, kiitwacho desibeli A, hakihesabu mngurumo huo vizuri. Kipo kipimo kingine, desibeli C, kinachoupima. Mpimaji akija na A peke yake anaweza kuandika ya kuwa hapana neno, na huku vikombe kabatini vinagongana.

Sasa sheria ya Kenya yasemaje? Kanuni za viwandani za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa nane. Ikizidi 85, mwajiri anatakiwa kuandika mpango wa kupunguza kelele na kulinda masikio, na kuutekeleza. Hiyo ni haki yetu ndani ya ua. Kanuni za mazingira za mwaka 2009 zinahusu nje. Katika mtaa wa makazi, kelele ya nje isizidi desibeli 50 mchana, na 35 usiku. Usiku wa sheria huanza baada ya saa mbili na kwisha saa kumi na mbili asubuhi.

Rudini kwenye hesabu yangu. Yule aliye mita 320 kutoka kwenye injini anapata 50. Mchana yuko ukingoni mwa sheria. Usiku amezidishiwa desibeli 15. Nami sikukaa mita 320. Nilikaa hatua hamsini.

Wala si udhia wa masikio tu. Mwaka 2017 wataalamu watatu wa Marekani, Jake Hays, Michael McCawley na Seth Shonkoff, walikusanya yaliyojulikana juu ya kelele za visima na mitambo ya mafuta na gesi. Walionyesha ya kuwa kelele hizo zaweza kufikia viwango vinavyokatiza usingizi na kuongeza hatari ya maradhi ya moyo. Mwili hausemi, "Hii ni injini tu." Usiku hupokea kelele kama hatari, moyo ukaenda mbio, hata kama mwenyewe hakuamka.

Ndugu wanachama, sasa nafika penye mwiba. Wengi wenu mnasema moyoni, "Mzee huyu atatufungia kazi. Majirani wakishtaki, kampuni itahama, na sisi tutakula nini?" Silidharau neno hilo. Nimelisema mwenyewe. Jirani mmoja, mama mtu mzima, alinijia na karatasi ya malalamiko niitie sahihi. Nilikataa, nikamwambia kelele ile ndiyo unga wa watoto wangu. Aliikunja karatasi yake akaenda zake, wala hakunilaumu. Na watoto wangu walikuwa wakilala katika kelele ile ile.

Tazameni basi yaliyotokea katika jimbo la Colorado, Marekani. Huko visima vya mafuta na gesi na mitaa ya watu vimesogeleana mno, hasa katika wilaya ya Weld. Kuchimba kisima hakungoji asubuhi. Mtambo huzunguka usiku na mchana, kisha huja pampu kubwa za kupasua mwamba kwa maji, na baadaye kompresa za kubana gesi ili iende bombani. Mwaka 2018 wananchi walipiga kura kama visima vipya vikae futi 2,500 kutoka kwenye nyumba. Makampuni yalisema kazi zitakwisha. Wananchi wakaogopa, pendekezo likashindwa, kura 55 kwa 45 katika kila mia. Lakini malalamiko hayakuzimika. Mwaka 2019 sheria ya jimbo ilibadilishwa, ikaweka afya ya watu mbele, na tangu Januari 2021 kanuni ni futi 2,000, yaani mita 610 hivi. Siwafichi: kanuni hiyo ina milango. Kampuni yaweza kukaribia zaidi wenye nyumba wakikubali, au ikionyesha kinga ya kutosha.

Je, mafuta yalikoma Colorado? Hayakukoma. Bado ni moja ya majimbo makubwa ya mafuta Marekani. Kilichobadilika ni namna ya kufanya kazi. Kuzunguka visima husimamishwa kuta za kuzuia sauti, zenye urefu wa mita kumi hivi. Mitambo mingine huendeshwa kwa umeme badala ya dizeli. Pampu hufunikwa. Na kelele hupimwa kwa A na kwa C pia. Kuta hizo hujengwa na watu, na motokaa zilizoleta vyuma vyake zina madereva. Hiyo nayo ni kazi.

Kwa hiyo nawaambia, kelele si unga. Kelele ni nguvu inayopotea na chuma kinachogongana. Injini yenye sailensa nzuri hutoa mafuta yale yale. Mtambo uliofungwa juu ya mpira na kufunikwa hausukumi pipa moja pungufu. Anayekuambia uchague kati ya kazi na usingizi wa mtoto wako anakuficha chaguo la tatu, kwa sababu chaguo la tatu linatoka mfukoni mwake.

Naomba Halmashauri ipeleke mambo haya matano kwenye mazungumzo yajayo na waajiri:

1. Kelele ipimwe usiku, kwenye ukuta wa nyumba ya jirani, kwa A na kwa C. Isipimwe langoni saa sita mchana. Mjumbe wa wafanyakazi na mjumbe wa majirani wawepo, na karatasi ya vipimo waipate wote.

2. Mtambo urekebishwe kabla ya kugawa vizibo. Sailensa, kifuniko, mipira chini ya injini, na ukuta. Vizibo ni msaada wa mwisho, si wa kwanza.

3. Masikio ya kila mfanyakazi yapimwe anapoajiriwa na kila mwaka, naye apewe nakala yake. Mimi sikupimwa hata mara moja, na leo sina karatasi ya kuonyesha niliingia na masikio gani.

4. Kazi za kelele nyingi zinazoweza kungoja, kama kujaribu jenereta, kupakia mabomba, na malori kurudi nyuma yakipiga kengele, zisifanywe baada ya saa mbili usiku.

5. Liwekwe daftari la malalamiko ambalo jirani yeyote aweza kuandika humo, na Kamati ya Usalama ilisome kila mwezi.

Mwajiri akikataa, njia zipo. NEMA hupokea malalamiko, na mlalamikaji huhitaji tarehe, saa na maelezo, si hasira. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Ibara ya 70 inasema anayekwenda mahakamani kwa haki hiyo halazimiki kuonyesha ya kuwa mtu amekwisha kuumia. Maana yake, hatuna haja ya kungoja mpaka watoto wawe viziwi.

Akina mama, mmekaa nyuma na mmesikiliza kwa subira. Kuanzia leo andikeni. Daftari la shule latosha: tarehe, saa ilipoanza, saa ilipokoma, nani aliamka. Wanaume wenu wanajua ni injini gani ilikuwa ikiendeshwa saa hiyo. Daftari lenu na maarifa yao yakiwekwa pamoja, hakuna mwanasheria atakayeyapuuza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Yule mama jirani aliyeniletea karatasi ameketi hapa leo. Nimemwomba aniletee tena, naye ameileta. Nikishuka jukwaani nitaitia sahihi mbele yenu. Anayependa na anifuate.

Sasa maswali, na tafadhali, semeni polepole.