Asili ya Adenomiosisi: Yanayotokea Ndani ya Mji wa Mimba



Maradhi ninayoyazungumzia leo wengi wenu mmeyaona majumbani bila kuyajua kwa jina. Mwanamke hupata hedhi nzito yenye mabonge ya damu, tumbo likamkata asiweze kusimama, na mwezi hadi mwezi akadhoofika kwa upungufu wa damu. Pwani kwetu huambiwa ana chango, neno ambalo hukusanya maumivu ya namna nyingi. Mojawapo ya magonjwa yaliyojificha ndani ya neno hilo ndilo ambalo madaktari wa hapa Uingereza huliita adenomiosisi.

Mji wa mimba una utando wa ndani, ule unaokua na kumwagika kila mwezi. Nje yake pana ukuta mnene wa misuli. Katika adenomiosisi, seli za utando hukutwa katikati ya misuli. Carl von Rokitansky wa Vienna aliieleza hali ya namna hii mwaka 1860, lakini kwa miaka mingi haikuthibitishwa ila baada ya mji wa mimba kuondolewa. Siku hizi huonekana kwa ultrasaundi au MRI.

Seli hizo zilifikaje huko? Wataalamu wengi huona kwamba mpaka baina ya utando na misuli hujeruhiwa, kwa mikazo ya kila mwezi, kwa uzazi au kwa upasuaji, na mwili unapojitibu seli za utando hupenya. Wengine husema zipo seli changa zinazogeuka kuwa utando humo humo misulini. Mjadala haujafungwa.

Linalojulikana vyema zaidi ni jinsi zinavyostawi. Seli hizo zina kimeng'enya kiitwacho aromatasi, nazo hujitengenezea estrojeni, homoni inayochochea ukuaji. Kwa kawaida homoni nyingine, projesteroni, huja kuituliza. Hapa vipokezi vyake vimepungua: anayebisha hodi yupo, wa kufungua hayupo. Estrojeni hutawala, uvimbe wa ndani huanza, na prostaglandini huzalishwa kwa wingi. Ndizo zinazoubana msuli na kuleta yale maumivu. Mishipa mipya ya damu nayo huota, ndipo damu inapozidi.

Mwaka 2019 watafiti wa Japani walitangaza kwamba seli za baadhi ya wagonjwa zina mabadiliko katika jeni iitwayo KRAS. Jeni hiyo hutajwa pia katika habari za saratani, kwa hiyo niseme wazi: adenomiosisi si saratani. Mabadiliko hayo hutokea katika seli zenyewe za mji wa mimba, wala mama hamrithishi bintiye.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu majumbani mwanamke huulizwa alifanya nini hata akapatwa. Hakufanya lolote, wala si jicho la mtu.

Tiba nazo hufuata asili hiyo. Ibuprofeni hupunguza prostaglandini, ila si kila mtu anaruhusiwa kuitumia. Kitanzi chenye homoni huiga projesteroni na kuimimina mahali penye ugonjwa. Ndiyo sababu hupewa hata mke asiyetafuta uzazi wa mpango, na waume wasikitilie shaka. Anayetaka kushika mimba amweleze daktari mapema, kwani kitanzi huizuia kikiwa ndani. Kuondoa mji wa mimba huumaliza ugonjwa, lakini ni uamuzi wa mwisho, na ni wa mwanamke mwenyewe.

Mwendee GP wako, umwambie hedhi huchukua siku ngapi na pedi ngapi kwa siku. Omba upimwe damu. Unaweza kuomba daktari mwanamke na mkalimani, bila malipo. Usimtwike mtoto kazi hiyo. Damu ikilowesha pedi kila saa, piga 111. Ukizimia au ukishindwa kupumua, piga 999. Na aliyekoma hedhi akaona damu tena, hata tone, amwone daktari bila kukawia.