Damu Hujitengenezea Njia

Leo tunazungumzia mishipa ya damu. Watu wengi hudhani mishipa hubaki ilivyo tangu tuzaliwe. Sivyo. Damu inayopita ndiyo huamua mshipa upi upanuke na upi upotee.

Mwaka 1893, Mjerumani Richard Thoma alieleza alichokiona kwenye vifaranga vikiwa bado ndani ya yai. Vimishipa huanza kama wavu. Vinavyopitisha damu ya kasi hupanuka. Vinavyoikosa husinyaa na kutoweka.

Hutokeaje? Maji ya mvua hupanua korongo kwa kumomonyoa kingo zake. Damu haimomonyoi kitu. Mshipa umetandikwa ndani kwa tabaka moja la seli hai, zinazohisi damu inavyozisugua. Msuguano ukizidi, seli hizo hutoa gesi ya naitriki oksidi, misuli ya mshipa ikalegea na njia ikatanuka. Hali hiyo ikidumu kwa wiki kadhaa, mshipa hujijenga upya ukawa mpana wa kudumu. Wamarekani watatu waliofichua kazi ya gesi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine wanaijua elimu hii kwa miili yao. Daktari huunganisha mishipa miwili mkononi: ateri, itoayo damu moyoni, na vena, iirudishayo. Vena iliyozoea damu ya polepole hupokea damu ya kasi, ikapanuka na ukuta wake ukanenepa. Baada ya wiki 6 hivi, au zaidi, hutarajiwa kupitisha mililita 600 kwa dakika, ndipo sindano za mashine zichomwe hapo.

Ndugu mgonjwa, ulinde mkono huo. Usikubali upimwe presha wala kutolewa damu ya vipimo hapo, na usiulalie. Uguse kila siku: mtetemo wa damu unaouhisi hapo ukikoma, wahi hospitali siku hiyohiyo, huenda damu imeganda.

Nasi tulio wazima tusikae tu. Msuli unaofanya kazi huita damu, na ukizoeshwa huota vimishipa vipya. Mwendo wa haraka wa dakika 30, siku 5 kwa wiki, unatosha kuanzia. Mwenye maradhi ya moyo amuulize kwanza daktari wake.