Ovalodi Husoma Ampea, Mota Hufa kwa Joto



Tumeizoea ovalodi kiasi kwamba hatuijadili tena: mota ikizidiwa, kontakta inaachia. Lakini ovalodi inajuaje kwamba mota imezidiwa? Kwa kweli haijui. Inapima mkondo unaopita, kisha inakisia joto lililomo ndani ya koili. Makisio yakiwa mabaya, tunailaumu mota na kuipeleka kusukwa upya.

Ndani ya ovalodi ya kawaida mna vibati vya metali mbili zilizoshikamana, kila moja ikitanuka kwa kiasi chake. Mkondo ukivipasha moto vinapinda na kufungua njia ya umeme unaoishikilia kontakta. Uzuri wake ni kwamba vinachelewa. Mota inapoanza huvuta mara 6 hadi 8 ya mkondo wake wa kazi, hivyo kifaa kinachokata papo hapo kisingeiacha hata ianze. Kiwango cha IEC 60947-4-1 kimeweka mipaka: mkondo ukiwa mara 1.05 ya ulioteuliwa, ovalodi isikate ndani ya saa 2. Ukifika mara 1.2, ikate kabla saa 2 hazijaisha. Ukiwa mara 7.2, ovalodi ya daraja la 10 hukata kati ya sekunde 4 na 10, ya daraja la 20 kati ya 6 na 20. Feni nzito iliyofungiwa daraja la 10 inaweza kukatwa kila ikiwashwa, na hapo ndipo bisibisi hutoka mfukoni, ampea zikapandishwa. Kilichotakiwa ni kubadili daraja, iwapo mota yenyewe inastahimili mwanzo mrefu.

Kwangu mimi, kosa baya kuliko yote liko kwenye stata za sta-delta. Tuchukue pampu ya kilowati 22, volti 400, ambayo kibati chake kinasema ampea 41. Ovalodi ikifungwa chini ya kontakta kuu, ndani ya delta, inaona mkondo wa koili tu: 41 gawanya kwa 1.73, yaani kama ampea 24. Fundi akisoma kibati akaweka 41, pampu itaweza kuvuta ampea 71 kutoka kwenye laini na ovalodi isishtuke. Paneli inapendeza, kinga haipo.

Kwa mota kubwa, mkondo hupunguzwa kwanza na transfoma ya mkondo. Ikiwa ni ya 200/5, ampea 160 hufika kwenye ovalodi kama 4. Kwa mota ndogo mambo hugeuka: ovalodi za kielektroniki zenye matundu huruhusu waya kuzungushwa, na ukipita tunduni mara 3, mota ya ampea 2 husomeka 6. Hesabu hiyo iandikwe mlangoni mwa paneli, maana fundi wa zamu ijayo akikuta 6 ataona mwenzake alikosea, naye "atarekebisha". Tena, sekondari ya transfoma ya mkondo haifunguliwi kamwe mota ikiwa kazini. Volti zinazozuka hapo zinaweza kuua.

Fezi moja ikikatika, ovalodi za kielektroniki zenye kinga hiyo hugundua ndani ya sekunde chache, kwa kuwa hulinganisha fezi zote tatu. Za vibati husubiri joto. Kwa mota inayofanya kazi mchana kutwa, naona tofauti ya bei inalipika.

Ziko hali ambazo kipimo cha mkondo hakisaidii kitu. Mapezi ya mota yakizibwa na vumbi la unga au nyuzi za katani, ampea hubaki zilezile huku koili zikichemka. Vivyo hivyo mota inayoendeshwa taratibu kwa kidhibiti cha masafa: feni yake iko kwenye shafti ileile, kwa hiyo mwendo ukishuka na upepo unapungua. Kwa kanuni inayotumika sana, kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya kikomo hupunguza maisha ya insulesheni kwa nusu.

Katika hali hizo joto lipimwe lilipo, kwa themista zilizofichwa ndani ya koili, ambazo ukinzani wake hupanda ghafla joto likifika kikomo. Wakati wa kuzipachika ni mota inaposukwa upya. Koili zikishapakwa vanishi na kukauka, nafasi imepita hadi mota iungue tena.