Jina Linalochelewa: Kuisikiliza Sinfonia ya Luciano Berio



Tarehe 10 Oktoba 1968, mjini New York, mtunzi wa Kiitalia Luciano Berio aliongoza onyesho la kwanza la Sinfonia, kazi aliyoagizwa na okestra ya New York Philharmonic kuadhimisha miaka 125 ya okestra hiyo. Pamoja na wapigaji walikuwapo waimbaji wanane wenye maikrofoni. Wanane hao huimba, husema, hunong'ona na kupaza sauti, na mara nyingi ala huwafunika. Anayeng'ang'ania kulishika kila neno ataondoka mikono mitupu. Dai langu jioni hii ni kwamba tukifuatilia majina tu, kazi nzima itafunguka.

Tuanze na sehemu ya pili, ambayo ni maombolezo ya Martin Luther King, aliyeuawa Memphis Aprili 4 mwaka huohuo. Hamna wasifu wake humo, wala laana kwa muuaji. Kwanza zinasikika irabu tupu, zikivutwa polepole juu ya noti chache zinazojirudia, huku ala zikizikatiza kwa ghafla. Kisha konsonanti zinajiunga nazo kidogokidogo. Jina kamili halitimii hadi karibu na mwisho. Risasi imemvunja mwenye jina. Muziki unalikusanya jina lake mbele yetu.

Sehemu ya tatu inageuza mambo. Msingi wake ni skerzo ya Simfonia ya Pili ya Gustav Mahler, ambayo Berio aliifananisha na mto unaopita nchi mbalimbali, mara ukionekana, mara ukizama ardhini. Juu yake vinapita vipande vya Debussy, Ravel na Berg, pamoja na maneno ya mwandishi Samuel Beckett. Ukumbi unajaa makelele ya kumbukumbu. Mwishoni, msemaji anamshukuru kondakta kwa jina, na jina hilo hubadilika kulingana na anayeongoza usiku ule. Aliyekufa alisubiriwa silabi kwa silabi. Aliye hai anatajwa kwa pumzi moja.

Onyesho la 1968 lilikuwa na sehemu nne. Berio aliongeza ya tano mwaka 1969, akarejea yaliyotangulia. Maandishi ya mwanaanthropolojia Claude Lévi-Strauss kuhusu visasili vya asili ya maji, yaliyokatwakatwa katika sehemu ya kwanza, sasa yanapata mtiririko wa simulizi. Kwa hiyo mwisho huu haufungi hadithi. Unatulazimisha kuisikia upya sehemu ya kwanza, ambayo tulidhani imekwisha kupita.

Wanafunzi wetu huzoezwa kuchambua kazi kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa Sinfonia, ninapendekeza waisikilize mara mbili kabla ya kuandika chochote, kwa sababu sikio la mara ya kwanza halijui bado ni jina gani linalosubiriwa.