Mama Mwenye Mimba na Mjumbe wa Chama Wakati wa Kupunguza Watu

(Maneno aliyosema mwanachama wetu wa reli katika mkutano wa Tononoka, Mombasa)

Mimi ni mtu wa reli, si wakili, lakini Sheria ya Ajira ya 2007 nimeisoma.

Kifungu cha 40 hakimpi tajiri ruhusa ya kuamka asubuhi na kubandika majina ukutani. Lazima akiarifu chama na ofisa wa kazi wa serikali mwezi mzima mbele, aeleze sababu na kadiri ya upunguzaji. Mwezi ule si wa kuagana, ni wa kukaa mezani. Kenya Airways ilipunguza watu 447 mwaka 2012. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani iliona utaratibu ulikuwa na kasoro, lakini ikafuta amri ya kuwarudisha watu kazini. Mnaona? Ukichelewa, hata ukishinda kazi imekwenda.

Sasa, mama mwenye mimba na mjumbe wa chama. Kifungu cha 46 chasema mimba si sababu ya haki ya kumwachisha mtu, wala uanachama, wala kugombea ujumbe. Tusidanganyane: wao pia waweza kupunguzwa. Lakini kipimo kiwe kile kile cha wote, yaani muda wa kazi, ujuzi, uwezo na uaminifu kazini. Tumbo si kipimo.

Mahali nilipofanya kazi zamani, dada mmoja karani alikuwa kwao Mji wa Kale na mtoto wa wiki sita. Jina lake likatokea katika orodha, na aliyeajiriwa miaka minne nyuma yake akabaki. Mjumbe nilikuwa mimi. Nililetewa karatasi, nikatia sahihi, nikarudi kwenye mabehewa. Dada yule alikuja na mtoto mgongoni akaniuliza, “Kaka, uliisoma?” Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo wajumbe, msitie sahihi kabla ya kuona tarehe ya kuajiriwa ya kila mtu. Malipo nayo myahesabu: notisi ya mwezi au mshahara wake, likizo iliyobaki kwa fedha taslimu, na si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia.

Karatasi za kuandika tarehe zenu ziko kwa Katibu, pale mlangoni. Aliye likizo ya uzazi, jirani yake amchukulie.